Kompyuta Moja, Kazi Mbili: Uliza Mfumo Kabla ya Kuuliza Bei

Mtu anayekwenda mnadani kununua ng'ombe hamchagui kwa rangi. Humtazama meno, humkagua kwato, na huuliza alikotoka. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua kompyuta, hutazama kama inang'aa, hubonyeza kibodi mara mbili tatu, huuliza bei na kufungua mkoba. Swali ambalo lingemwokoa haliulizi: kompyuta hii inaendeshwa na mfumo gani, na mfumo huo umebakisha miaka mingapi ya kutunzwa?

Nayasema haya kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Migori. Likizo iliyopita nilipomtembelea, nilimkuta amekaa nyuma ya kaunta na daftari jipya, anajaribu kukumbuka nani ana deni lake. Wakulima wa kwao huchukua mbegu na mbolea msimu wa kupanda, wakalipa baada ya mavuno. Kwa miaka kadhaa madeni hayo yote aliyaandika katika laptopu ya duka. Daftari la karatasi aliliacha, akaliona ni mambo ya kizamani.

Laptopu hiyo ilikuwa na Windows 10, lakini si ile ya halali. Fundi mmoja wa mtaani aliinakili kwa Sh500, na ili nakala hiyo ikubali kufanya kazi, alizima ulinzi wote wa kompyuta. Asubuhi moja shemeji aliwasha mashine akakuta kila faili limefungwa, na ujumbe wa Kiingereza kwenye kioo ukimtaka alipe fedha ndipo afunguliwe. Hakulipa, na hata angelipa, hakuna aliyemhakikishia kwamba angefunguliwa. Madeni ya karibu Sh180,000 yalipotea. Mzee mmoja, rafiki yake wa miaka 20, aliapa kwamba alikwisha kulipa. Shemeji hakuwa na cha kuonyesha. Hadi leo hawasalimiani vizuri.

Basi alikuwa ametenga Sh40,000 kununua laptopu nyingine. Na hapo ndipo palipozuka jambo la pili. Binti yake, mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni Homa Bay na anahitaji mashine ya kuandikia programu. "Tutanunua moja," shemeji akaniambia. "Itakaa dukani, naye ataitumia akija Jumamosi."

Msichana alinitazama. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "kazi za chuo hazingoji Jumamosi."

Kutoka Homa Bay hadi Migori ni kupanda matatu kupitia Rodi Kopany hadi Rongo, kisha kushika barabara kuu. Kila wikendi nauli, kila wikendi baba na binti wakigombea mashine moja. Nikaona afadhali tukae chini tuulizane kwanza: ni kazi gani hasa inayotakiwa kufanywa, na ni mfumo upi unaoiweza?

MFUMO NI NINI?

Mfumo wa kuendesha kompyuta ni ile programu mama inayoamka kwanza ukiwasha mashine. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayotunza mafaili, inayozungumza na printa, na inayoziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Ni kama mwenye nyumba, nazo programu nyingine zote ni wapangaji. Mwenye nyumba akiwa dhaifu, hata mpangaji mwema ataibiwa.

Mifumo mikuu ya kompyuta za nyumbani na ofisini ni mitatu: Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na Linux, ambayo haina mwenye mmoja.

Windows ya kwanza ilitoka mwaka 1985, lakini ni ile ya 1995 iliyoingia kila mahali. Wengi wetu hapa Kenya tulijifunzia kompyuta juu yake, na hata leo mtu akisema "kompyuta" huwa ana maana ya Windows. Faida yake kubwa ndiyo hiyo: kila fundi anaijua, kila printa inaikubali, na programu nyingi za hesabu za biashara zimetengenezewa hiyo.

Lakini sikiliza vizuri. Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ilifikia kikomo cha kutunzwa Oktoba 14, 2025. Haina maana kwamba siku hiyo kompyuta zilizimika. Zinaendelea kuwaka na kufanya kazi. Kilichokoma ni vile viraka vya usalama vya bure vilivyokuwa vikiziba matundu kila mwezi. Microsoft iliwapa wenye nyumba nafasi ya kujiandikisha ili wapate viraka hivyo kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 13, 2026. Nyumba ambayo haizibwi tena matundu, mwizi hahitaji kuvunja mlango.

Tiba ya Microsoft ni Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hii haikubali kila mashine. Hutaka kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia. Laptopu nyingi tunazouziwa katika miji yetu ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani. Si mbaya, na nyingine ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Lakini soma namba iliyo baada ya kistari. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, yaani kizazi cha sita. Ukiona i5-8250U, hicho ni kizazi cha nane. Ya kwanza haimo katika orodha ya Windows 11. Ya pili imo. Kwa macho zinaweza kufanana kama mapacha, na muuzaji anaweza kukutajia bei zinazokaribiana. Fundi aweza hata kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani, lakini Microsoft yenyewe haikuahidi kwamba mashine hiyo itapata masasisho. Usinunue kwa kulazimisha.

MTOTO WA HELSINKI, NA UTU WA KUSINI

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Aliiweka wazi, watu wa nchi mbalimbali wakaichukua, wakairekebisha na kuirudisha ikiwa bora. Ndiyo sababu Linux haina sura moja. Kuna Debian, kuna Fedora, kuna Linux Mint, na kuna Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, na Mswahili halihitaji kufasiriwa: ni utu.

Mifumo hii ni ya bure. Si bure ya fundi wa mtaani, bali bure ya halali. Unaipakua, unainakili, unampa jirani, na hujavunja sheria yoyote. Kumbuka kwamba programu za kompyuta hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa hiyo ile Windows ya Sh500 si hatari ya virusi peke yake.

Utaniambia, "Mimi sijawahi kutumia Linux." Umeitumia, ndugu yangu. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako ina kiini cha Linux. Seva nyingi zinazobeba kurasa za intaneti unazosoma huendeshwa nayo. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kupita zote duniani zimekuwa zikiendeshwa na Linux.

Na hapa kwetu? Ukifika katika vituo vingi vya afya vya umma, hasa kliniki zinazowahudumia wanaoishi na virusi vya Ukimwi, Nyanza ikiwemo, utakuta rekodi za wagonjwa zimewekwa katika programu iitwayo KenyaEMR. Programu hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo mizizi yake iko hapa hapa Kenya: ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na ni ya wazi kwa kila mtu. KenyaEMR kwa kawaida huwekwa juu ya Ubuntu. Kijana wa Homa Bay anayeijua Linux anaweza basi kuingia kliniki ya mji wake kwa mafunzo ya kazi akakuta mashine anayoielewa.

Hata lugha yetu haikuachwa nyuma. Mwaka 2004 mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu, kwa Kiswahili. Mrithi wa OpenOffice, yaani LibreOffice, alizaliwa 2010 na huja pamoja na Ubuntu na Mint bila malipo.

MWANDISHI WA PROGRAMU ATAKA NINI?

Hili ndilo swali la mpwa wangu, na pengine la mwanao pia. Jibu lake hutegemea anachoandika.

Akitaka kutunga programu za iPhone, hana njia nyepesi: chombo cha kazi hiyo, Xcode, hukaa kwenye macOS peke yake, na macOS ni ya kompyuta za Apple. Ni mashine nzuri na hudumu, lakini bei yake huziacha familia nyingi mlangoni. Akitaka programu za Windows zenyewe, zile za ofisini, basi Visual Studio kamili hukaa kwenye Windows.

Lakini vijana wetu wengi huandika kurasa za intaneti na programu za simu za Android, kwa lugha kama Python, PHP na JavaScript. Vyombo vyao, kama vile Visual Studio Code na Android Studio, hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Kwa hao, kuijua Linux ni faida ya pekee, kwa sababu kazi yao mwisho wake hupelekwa kwenye seva ambayo mara nyingi ni ya Linux.

Nitakupa mfano mdogo. Kwa Windows, faili liitwalo Picha.jpg na picha.jpg ni kitu kimoja. Kwa Linux ni vitu viwili tofauti. Mwanafunzi aliyezoea Windows pekee huandika ukurasa wake, akauona unapendeza nyumbani. Akiupeleka kwenye seva, picha hazionekani. Hukesha akitafuta kosa, na kosa ni herufi moja kubwa. Aliyeanzia Linux angeliona kosa hilo siku ya kwanza.

Kuna pia njia ya katikati. Tangu mwaka 2016 Microsoft imeweka ndani ya Windows sehemu iitwayo WSL, inayomwezesha mtu kutumia Linux bila kuiacha Windows. Lakini kufuga wawili katika zizi moja hutaka zizi pana. Mashine ya GB 4 za RAM itakohoa. Android Studio nayo isikudanganye: kwa chini ya GB 8 utabonyeza, uende ukachemshe chai, urudi ukiikuta bado inawaza.

NA MWENYE DUKA JE?

Mwenye duka hana haja ya kujua Linus ni nani. Anataka kuandika madeni, kutoa risiti, kulipa kodi na kufunga duka kabla ya giza. Kwa huyu nauliza maswali matatu.

La kwanza: je, kuna programu moja ambayo bila hiyo kazi husimama? QuickBooks ile ya kuwekwa ndani ya kompyuta kwa kawaida hutaka Windows. Jedwali la Excel lililojaa amri za kujiendesha huenda lisifunguke sawasawa katika LibreOffice. Ikiwa unayo hayo, kaa na Windows ya halali.

La pili: je, mambo yako mengi yako kwenye intaneti? eCitizen, benki, na hata ankara za eTIMS za KRA zina njia ya kupitia kivinjari cha kawaida. Hayo hayabagui mfumo.

La tatu: printa yako ni ya aina gani? Ijaribu kabla ya kulipa. Nyingi hukubaliwa na Linux, lakini zile ndogo za risiti nyingine ni vichwa ngumu.

TULIVYOAMUA

Shemeji ana programu ya hesabu aliyoilipia, nayo hutaka Windows. Binti anaandika kurasa za intaneti na anajifunza Python. Na kwenye rafu palikuwa na ile laptopu ya zamani, kizazi cha sita, GB 4 za RAM, ambayo kila mtu alikwisha kuiita maiti.

Nikamwambia, "Shemeji, mashine hii haifai duka lako tena. Lakini haijafa."

Tulinunua laptopu iliyotumika, kizazi cha nane, GB 8 za RAM, ikiwa na Windows 11 ya halali, kwa Sh27,500. Hiyo ikawa ya duka. Ile ya zamani tukaifuta yote, tukaiongezea RAM hadi GB 8 na kuitia diski ya SSD mahali pa ile ya kuzunguka, jumla Sh9,000. Tukaiwekea Linux Mint 22, ambayo itatunzwa hadi mwaka 2029. Sh3,500 zilizobaki tulinunulia diski ya nje ya kuhifadhi nakala za madeni. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo usizichukue hizi kama sheria.

Sitakuficha kwamba msichana alinuna kidogo aliposikia kuwa mpya ni ya duka na kuukuu ni yake. Alinuna hadi alipoiwasha. Ile iliyokuwa ikichukua dakika nne kuamka sasa iliamka kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Na si kwamba mambo yote yamekuwa asali. Wiki ya tatu mwalimu wake alitoa zoezi la Microsoft Access, ambayo haipo kwenye Linux. Ilimbidi alifanye katika chumba cha kompyuta cha chuo, akipanga foleni na wenzake. Tena mara moja aliandika amri aliyoisoma mahali bila kuielewa, akapoteza kazi ya siku mbili. Sasa huweka nakala.

Nawe ukitaka kufuata njia hii, usiruke hatua. Kwanza, hamisha mafaili yako yote kwenye diski nyingine, uhakikishe yanafunguka huko. Pili, pakua mfumo mahali penye intaneti ya bei nafuu: Linux Mint ni karibu GB 3, Ubuntu karibu GB 6, na hiyo si kazi ya bando la siku. Tatu, uandike kwenye flashi na uwashe kompyuta kutoka hapo bila kufuta chochote. Mifumo hii hukuruhusu kuonja kabla ya kumeza. Jaribu intaneti, sauti na printa. Vikikubali vyote, ndipo uiweke. Na mwenye Windows anayetumia intaneti ya simu, nenda kwenye mipangilio uiambie kompyuta kwamba mtandao wako ni wa kupimwa, ama masasisho yatakula bando lako usiku umelala.

Mzazi, usimwambie mwanao "tumia ninayoitumia mimi." Nawe mwanafunzi, usimcheke mzazi kwa kushikilia Windows yake, ana sababu. Chagua mfumo kwa kazi inayokusubiri kesho asubuhi, si kwa fahari wala kwa mazoea. Na mfumo wowote utakaouchagua, uwe wa halali, uwe unatunzwa, na uwe na nakala ya mafaili mahali pengine.

Nilipoaga Migori, shemeji alikuwa ameyaandika upya madeni aliyoyakumbuka. Yapo kwenye kompyuta, yapo kwenye diski ya nje, na yapo kwenye daftari ambalo kila mkulima hutia sahihi mwenyewe. Jina la yule mzee rafiki yake halimo. "Nimeliacha," aliniambia. "Fedha hizo nitazipata kwingine. Ijumaa nitampelekea mbegu."